Fuata Bomba Hadi Chanzoni: Mwongozo wa Kumshukuru Mungu kwa Baraka Tulizozizoea

Katika vijiji vingi vya Embu na Meru vinavyopanda miteremko ya Mlima Kenya, maji hufika nyumbani bila mashine. Hutekwa mtoni juu kabisa, karibu na msitu, yakaingizwa kwenye bomba, yakashuka kwa uzito wake yenyewe kupita mashamba ya chai na kahawa hadi uani. Asubuhi mtu hufungua mfereji, akajaza jerikeni, akanywesha ng'ombe, akasuuza vikombe, akafunga. Hasemi neno. Lakini bomba likipasuka huko juu na mifereji ikakauka siku tatu, kijiji kizima huwa na habari moja tu. Kanisani ni maji, dukani ni maji, juu ya boda boda ni maji. Siku tatu za ukavu hupata maneno mengi kuliko siku mia tatu za maji.

Hivyo ndivyo wengi wetu tunavyoishi na Mungu. Kinachokatika tunakiona; kinachotiririka tumekizoea. Mwongozo huu ni wa kukusaidia kukiona kinachotiririka. Msingi wake ni huu: kila baraka ina bomba lake, na kila bomba lina chanzo. Kushukuru ni kulifuata bomba kupanda juu, hatua kwa hatua, hadi kwa Mpaji.

Huhitaji pesa, elimu ya dini wala sauti ya kuimba. Unahitaji daftari, dakika kumi kwa siku, na ukweli wa moyo.

## Kwa nini baraka hutupita machoni

Kabla ya kushika kalamu, wajue adui unaopambana nao. Wako watatu.

Mazoea. Kitu kinachokuja kila siku hakibishi hodi. Mtu mzima aliyetulia huvuta pumzi zipatazo 20,000 kwa siku, na moyo wake hupiga takriban mara 100,000. Hakuna hata moja aliyotozwa ada. Wakati wa korona, familia zilizozunguka usiku zikitafuta mtungi wa oksijeni zilijifunza bei ya pumzi. Wengi wetu tuliendelea kupumua na kusahau.

Kulinganisha. Jirani amejenga nyumba ya mawe, yako ni ya mbao. Macho yakikaa kwenye ukuta wake, hutakumbuka kwamba jana mvua ilinyesha usiku kucha na watoto wako wakalala pakavu.

Kelele za shida. Karo, mkopo wa chama, bei ya mbolea: shida hupiga kelele, baraka hukaa kimya. Wahenga walisema mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Mara nyingi mwenye shibe hamkumbuki hata aliyempikia.

## Kwa nini shukrani imwendee Mungu

Unaweza kufurahia maji bila kumtaja yeyote. Hiyo ni furaha, nayo ni njema, lakini bado haijawa shukrani. Shukrani lazima iwe na anayeipokea. Makanisani kwetu tunasema "kurudisha shukrani", na neno hilo kurudisha limebeba mzigo: kitu kilitoka kwa mwingine, sasa jibu linamrudia.

Wazee wa eneo hili walilijua jambo hilo kabla ya shule na kanisa. Waliomba wakiuelekea Mlima Kenya, ambao Wameru huuita Kirimaara, wakamtaja Ngai au Murungu, mwenye mvua na mifugo na watoto. Wamisionari wa Kianglikana walipofika Kigari, Embu, mwaka 1910, Wamethodisti walipoanza Kaaga, Meru, mwaka 1912, na Wapresbiteri walipokaa Chogoria mwaka 1922, waliwakuta watu waliokwisha kujua kwamba mvua haijiamrishi yenyewe.

Hata ndimi zetu zinafundisha. Mmeru akishukuru husema *nibwega*. Mwembu husema *ni wega*. Sikiliza kilichomo ndani: yote mawili yanasema "ni vyema". Kwa hiyo kushukuru, kwa lugha ya nyumbani, ni kukitazama kitu, kuukubali wema wake, na kuutamka mbele ya aliyekitoa.

Injili ya Luka, sura ya 17, ina kisa cha wakoma kumi. Wote waliponywa, na bila shaka wote walifurahi, lakini aliyerudi kwa Yesu ni mmoja, naye alikuwa mgeni Msamaria. Wale tisa hawakutukana wala kuiba. Waliendelea tu na safari yao. Hatari yetu ni hiyohiyo: kuendelea na safari.

Kuandika kunatusaidia kusimama na kurudi. Mwaka 2003, watafiti Robert Emmons na Michael McCullough wa Marekani walichapisha utafiti ambamo kundi moja liliandika kila wiki, kwa wiki kumi, mambo hadi matano ya kushukuru, na kundi jingine likaandika kero zake. Walioandika ya kushukuru waliyaona maisha yao kwa jicho jema zaidi. Muumini hangoji utafiti ili amshukuru Mungu, ila inatia moyo kujua kwamba kalamu na karatasi si kazi bure.

> KISANDUKU: ANDAA HAYA
>
> ☐ Daftari la kawaida la shule
> ☐ Kalamu iliyofungwa kwa uzi kwenye daftari, isipotee
> ☐ Mahali pamoja: kigoda cha jikoni, ngazi ya mlangoni, jiwe chini ya mti
> ☐ Wakati mmoja usiohamahama
> ☐ Simu iwe mbali na mkono

## Hatua sita za kila siku na moja ya Jumapili

1. Ifunge shukrani kwenye kazi unayoifanya tayari.
Tabia mpya ikiachwa ining'inie peke yake huanguka upesi. Ifunge kwenye mti uliosimama. Ukikamua saa kumi na moja na nusu alfajiri, anza ndoo ikishawekwa pembeni. Ukichemsha chai, anza maji yakiwa motoni. Ukisafiri kwenda kazini, anza matatu ikisubiri kujaa. Jambo la kushika ni moja: fanya hivyo kabla ya kusoma ujumbe wa simu, kwa sababu simu itakupa shida za watu wengine kabla hujaziona baraka zako.

2. Taja kitu kimoja, kwa jina na kwa undani.
Siku niliyoanza zoezi hili niliandika: uhai, afya, familia. Siku ya pili sikuwa na la kuongeza, maana dunia nzima nilikuwa nimeimaliza kwa maneno matatu. Siku ya tatu niliandika kwamba goti langu lilikubali kushuka hadi mtoni na kupanda tena bila maumivu. Tangu hapo daftari halijakosa la kuandikwa. Basi usiandike "asante kwa chakula". Andika: "kiazi kikuu kilichopanda juu ya mti nyuma ya jiko, tulichokula jana na chai, kikatosha watu watano."

3. Fuata bomba hadi chanzoni.
Hii ndiyo hatua kuu, usiiruke. Jiulize: kitu hiki kimenifikiaje? Chukua mfano wa kikombe cha chai ya maziwa.

- *Majani:* mtu aliamka kwenye baridi na umande, akachuma majani mawili na kichipukizi, akabeba kikapu hadi kituo cha kupimia. Lori likayachukua hadi kiwandani, pengine Mungania au Rukuriri ukiwa Embu, Kionyo au Githongo ukiwa Meru.
- *Maziwa:* kuna ng'ombe, kuna aliyemkatia nyasi, na kuna aliyeamka kumkamua giza likingali.
- *Maji:* nyuma ya mfereji kuna bomba, nyuma ya bomba kuna mto, nyuma ya mto kuna msitu, na juu ya msitu kuna wingu.
- *Moto:* kuni zilikuwa mti, na mti ulipandwa na mtu. Huenda aliyeupanda ni babu ambaye hukuwahi kumwona.

Ukipanda kila bomba hadi mwisho utakuta kitu ambacho hakuna mwanadamu aliyekitengeneza: mvua, udongo, jua, uhai uliofichwa ndani ya mbegu. Ukifika hapo, simama kidogo. Umefika chanzoni.

4. Sema kwa sauti, kwa lugha ya moyoni.
Sentensi moja yatosha: "Mungu, nimekiona hiki, najua kimetoka kwako, nibwega." Sauti huzuia akili kupotelea kwenye hesabu za siku. Tumia lugha unayoota nayo ndoto. Ndugu Mwislamu wa Meru au Embu mjini, ulimi wako umeshazoea Alhamdulillahi. Utakachoongeza ni kukitaja kile hasa unachokishukuria.

5. Ushukuru na mkono uliotumika.
Mungu hupitisha mengi mikononi mwa watu. Chagua mtu mmoja uliyemkuta njiani ulipofuata bomba, umwambie leo, kabla jua halijazama. Mwambie alichofanya na kilivyokusaidia: "Mama, ile siku uliponishikia mtoto nikapata kwenda hospitali, hukujua ulivyoniokoa." Fundi wa maji, mlinzi wa shule, mwanamke anayefagia soko, wote hao wamezoea kulaumiwa tu kazi inapoharibika.

6. Toa kitu.
Jumapili ya mavuno, waumini hubeba ndizi, mahindi, kuku na viazi hadi madhabahuni, na mara nyingi baada ya ibada vitu hivyo hupigwa mnada. Ni desturi nzuri, lakini mavuno hayangoji Jumapili moja ya mwaka. Ukishukuru kwa maziwa, mpelekee kikombe mzee jirani asiye na ng'ombe. Ukishukuru kwa maji, nenda na wenzako siku ya kusafisha chujio na kufukia bomba lililo wazi. Ukishukuru kwa kivuli, panda mche. Kitolewacho kifanane na kilichopokelewa.

7. Soma nyuma kila Jumapili.
Jioni ya Jumapili fungua daftari, usome siku sita zilizopita. Utaona mambo uliyokwisha kuyasahau tangu Jumatano. Tia alama kwenye moja lililokugusa zaidi na ulifanye kuwa sala ya wiki mpya.

## Mahali pa kutafuta baraka zilizosahaulika

Ukikwama, tembea kwenye orodha hii kama mtu anayekagua mpaka wa shamba lake. Chagua sehemu moja kwa siku.

Mwilini. Usingizi ulioshuka bila dawa. Jino lisilouma. Mkono unaofunga kifungo cha shati. Jeraha la panga lililojifunga lenyewe, ngozi ikarudi mahali pake.

Nyumbani. Mlango unaofungwa kwa ndani. Mtu anayeuliza "umefika?" Ugomvi uliokwisha kabla ya kulala. Mtoto aliyejifunza kusoma na sasa anamsomea nyanya ujumbe wa simu.

Shambani. Nyuki anayezunguka maua ya makadamia, parachichi na miembe ya Mbeere bila kudai mshahara. Bila wadudu kama yeye, matunda yangekuwa haba. Mbolea ya ng'ombe. Nyungunyungu anayelima chini ya jembe. Mvua za Oktoba hadi Desemba, ambazo mkulima wa Mbeere na Tharaka huzitegemea kwa ndengu, kunde na mtama.

Njiani. Barabara ya Embu kwenda Meru hushuka na kupanda mabonde mengi: Thuci, Mutonga, Nithi. Julai 2022 basi lilitumbukia bondeni kwenye daraja la Nithi na watu zaidi ya 30 wakafa. Ukivuka daraja hilo ukafika ng'ambo, una neno la kumwambia Mungu. Uwaombee pia waliofiwa, na umwambie dereva apunguze mwendo. Shukrani ya kufika salama huonekana katika namna tunavyosafiri kesho yake.

Kwa watu. Mwalimu aliyekuvumilia. Muuguzi wa zamu ya usiku. Jirani aliyezima moto. Majirani waliochanga ulipofiwa, wengine wakitoa shilingi hamsini zilizokuwa za unga.

Mlimani. Kilele cha Mlima Kenya kina mita 5,199, na msitu unaouzunguka huvuna maji ya mawingu na kuyaachilia polepole. Maji ya mto Rupingazi huingia mto Thiba, Thiba huingia Tana, na Tana huzungusha mitambo ya umeme ya Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. Huenda taa inayowaka Nairobi usiku huu ilianza kama wingu lililotua juu ya Manyatta kule Embu. Unapoutazama mlima asubuhi kabla haujajifunika, unatazama tangi la maji la mamilioni ya watu, na hakuna aliyelijenga kwa mkono.

## Siku ngumu: unapokosa la kushukuru

Kuanzia mwisho wa 2020 hadi mwisho wa 2022, misimu mitano ya mvua ilishindwa mfululizo katika maeneo makame ya Kenya. Mbeere, Tharaka na sehemu za chini za Meru kaskazini ziliguswa na ukame huo. Kumwambia mtu ahesabu baraka huku mbuzi wake wanakufa si jambo dogo. Kwa siku kama hizo, badilisha utaratibu.

1. Lia kwanza. Zaburi nyingi ni malalamiko mbele za Mungu, nazo zimehifadhiwa katika Biblia ileile yenye nyimbo za shukrani. Andika uchungu wako kwenye ukurasa wa kushoto wa daftari. Mungu hashtuki.
2. Shukuru katika shida, usishukuru kwa ajili ya shida. Huhitaji kumwambia Mungu asante kwa ukame, ugonjwa au kifo. Ndani ya ukame, mshukuru kwa jirani aliyekugawia debe la mahindi.
3. Tafuta kitu kidogo kama punje ya mtama. Ukurasa wa kulia uandike jambo moja tu. Uji ulioshuka kooni. Saa moja ya usingizi. Mtu aliyekuja akaketi, asiseme neno.
4. Waachie wengine. Zipo siku huwezi hata hilo. Mwambie rafiki au mtu wa jumuiya yako: "Leo nishukurie wewe." Siku moja utamrudishia.

> TAHADHARI
>
> - Shukrani haichukui nafasi ya daktari. Huzuni ikizidi wiki mbili, usingizi na hamu ya kula vikipotea, au mawazo ya kufa yakija, mwambie mtu leo na mwende hospitalini. Tabibu naye ni bomba la rehema ya Mungu.
> - Shukrani haifungi mdomo. Unaweza kushukuru kwa majani chai na bado udai malipo ya haki. Anayeyathamini maji ndiye mwenye sababu kubwa zaidi ya kuuliza fedha za mabomba zimekwenda wapi.
> - Anayepigwa nyumbani asiambiwe "shukuru una ndoa". Kwanza apate usalama.

## Makosa ya kawaida na dawa zake

Kushukuru kwa kumtazama mwenye shida. "Asante Mungu mimi si kama fulani." Hicho ni kiburi kilichovaa kanzu. *Dawa:* ukimwona mwenye shida, msaidie. Shukuru kwa ulicho nacho bila kumtaja.

Ushuhuda wa kujionyesha. Mtu husimama kanisani kumshukuru Mungu kwa gari, na watu wakajua bei ya gari zaidi kuliko wema wa Mungu. *Dawa:* taja watu waliokusaidia kabla ya kutaja kitu ulichopata.

Kumpita mtu kwenda kwa Mungu. Mume anamshukuru Mungu kwa chakula kwa sala ndefu, na mke aliyepika amesimama na sufuria hajaambiwa neno. *Dawa:* amina ikishasemwa, mgeukie mpishi.

Kutoa ili urudishiwe mara mia. Sadaka inayongoja faida ni biashara. *Dawa:* toa kwa kilichokwisha kupokelewa, si kwa kinachosubiriwa.

Kumfundisha mfiwa kushukuru. Matangani si mahali pa somo. *Dawa:* beba maji, pasua kuni, keti naye.

Kukata tamaa baada ya kukosa siku mbili. *Dawa:* usilipe madeni ya siku zilizopita. Anza na leo.

## Pamoja na watoto

Watoto hujifunza kushukuru kwa kusikia wakubwa wakishukuru. Jaribu utaratibu huu mara tatu kwa wiki, baada ya chakula cha jioni:

1. Weka kitu kimoja mezani: yai, kiberiti, kiatu, ndizi.
2. Mwulize mdogo kuliko wote: "Nani alituletea hiki?" Akijibu, mwulize anayefuata: "Na huyo alikipata wapi?" Endeleeni kwa zamu hadi mfike mahali ambapo jibu ni Mungu peke yake.
3. Kila mtu ataje jambo moja la siku hiyo, na wengine waitikie pamoja neno moja la shukrani kwa lugha ya nyumbani. Zaburi ya 136 imejengwa hivyohivyo: ina aya 26, na kila aya inamalizika kwa kiitikio kilekile.
4. Mzazi atangulie kumshukuru mtoto kwa jambo alilolifanya: "Asante kwa kufunga kuku bila kuambiwa." Mtoto aliyeshukuriwa hujua shukrani ina ladha gani.

Usimlazimishe mtoto aliyekasirika. Atasikiliza, na kusikiliza pia ni kujifunza.

## Kwenye jumuiya, kanisa au chama

Mikutano yetu mingi huanza na maombi, kisha ikaingia moja kwa moja kwenye michango na matatizo. Ombeni mpewe dakika kumi za mwanzo:

1. Mwenyekiti achague bomba moja la siku: maji, barabara, shule, zahanati.
2. Watu watatu, si viongozi, wataje baraka moja kila mmoja iliyopitia bomba hilo mwezi uliopita. Kila mmoja asizidi dakika moja.
3. Katibu aandike jina la mtu mmoja wa kushukuriwa: aliyetengeneza bomba, mzee aliyetoa njia ipite shambani kwake, mwalimu wa chekechea.
4. Wajumbe wawili watumwe wiki hiyo kumpelekea shukrani ana kwa ana, na kitu kidogo mkononi.
5. Mkutano unaofuata uanze kwa kusikia alivyopokea.

## Siku saba za kuanzia

- Jumatatu, maji: fuata maji ya nyumbani kwako hadi yanakotoka. Ikiwezekana, nenda kwa miguu.
- Jumanne, mwili: chagua kiungo kimoja kisichouma. Orodhesha kazi tano kilizokufanyia leo.
- Jumatano, chakula: kula mlo mmoja bila simu wala redio, ukitaja kila kilichomo.
- Alhamisi, mtu aliyesahaulika: piga simu kwa mwalimu, muuguzi au jirani wa zamani. Usiombe kitu.
- Ijumaa, kilichozuiwa: taja ajali, ugonjwa au ugomvi ambao ungeweza kutokea wiki hii, na haukutokea.
- Jumamosi, udongo na mlima: simama shambani au mahali unapouona mlima. Dakika tano za kimya.
- Jumapili, malimbuko: toa kitu kinachofanana na ulichokipokea, kisha usome daftari la wiki.

> JIKAGUE BAADA YA MWEZI MMOJA
>
> ☐ Nimeandika angalau siku ishirini
> ☐ Ninayoyaandika ni mahususi, si ya jumla
> ☐ Nimewashukuru ana kwa ana watu wasiopungua wanne
> ☐ Nimetoa kitu bila kungoja malipo
> ☐ Nyumbani wamenisikia nikishukuru zaidi kuliko nikilalamika
> ☐ Nimelia mbele za Mungu siku nilipohitaji kulia, nikarudi

Usipoweza kutia alama zote, usijihukumu. Chagua moja ambayo haina alama, uifanyie kazi mwezi ujao.

Ndugu msomaji, usingoje Jumapili ya mavuno, wala usingoje bomba likatike. Kesho asubuhi utafungua mfereji, au utachota kisimani, au utamwona mtoto akirudi na jerikeni la lita ishirini. Jerikeni hilo huchukua dakika chache kujaa. Tumia dakika hizo kuyafuata maji kwa mawazo, kupita mashamba, kupita msitu, hadi mawinguni, na useme neno lako la shukrani kabla hayajafurika.